Picha ya bodaboda: Kijana anaona ufahari, mzazi unaona nini?

Wapiga picha wa Nairobi, Chicago na Bamako wamewahi kuwatazama vijana wa pikipiki kwa jicho la karibu. Kazi zao zina somo kwa wazazi wa Uru na kwingineko ambao watoto wao wanashinda kijiweni.

Simu ya mzazi wa leo hupokea picha za bodaboda za aina mbili. Ya kwanza huwekwa mtandaoni na kijana mwenyewe. Amekaa juu ya pikipiki iliyong'arishwa, miwani myeusi usoni, jaketi zito mwilini hata kama jua la Moshi linachoma, mguu mmoja chini na mkono mmoja kwenye usukani. Nyuma yake kuna migomba, au kijiwe chenye wenzake wanaocheka.

Ya pili hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, la kanisa au la mtaa. Pikipiki imelala mtaroni, ndala moja iko katikati ya barabara na mtu amefunikwa kanga. Chini yake kuna maneno mafupi yanayouliza kama kuna anayemfahamu.

Picha zote mbili ni za kweli, lakini kila moja inaficha jambo. Katikati ya picha hizo mbili ndipo yalipo maisha yenyewe ya kijana: anakula nini, anadaiwa na nani, analala saa ngapi, anaogopa nini. Mzazi anayetaka kuzungumza na mwanawe kuhusu pikipiki bila ugomvi anapaswa kwanza kujifunza kuisoma ile picha ya kwanza, kabla ya kuletewa ya pili.

Pikipiki ilivyopanda mlima

Ukitoka Moshi mjini kwa barabara inayopita jirani na Hospitali ya KCMC, unaanza kupanda kuelekea Uru. Unapita Longuo, unazidi kupanda kwenye vijiji vya kahawa na migomba, hadi Materuni ambako watalii huenda kutazama maporomoko ya maji na kuonja kahawa. Njia nyingi za ndani ni za udongo, kwa hiyo huwa na vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Mwezi wa saba ukungu hushuka mpaka mtu asione kona iliyo mbele yake.

Kwa miaka mingi mizigo ya njia hizo ilikuwa kichwani mwa wanawake. Mkungu wa ndizi, maziwa, na majani ya ng'ombe yaliyokatwa tambarare, vyote vilibebwa kwa miguu. Leo vinabebwa na pikipiki. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, mzee mwenye kliniki ya shinikizo la damu, mwanafunzi aliyechelewa mtihani, wote wanampigia simu kijana wa kijiweni. Anayesema bodaboda ni balaa tupu hajawahi kuishi juu ya mteremko usiopitiwa na daladala.

Jina lenyewe lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako kuanzia miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. "Boda" ni neno la Kiingereza la mpaka, likatamkwa kwa ulimi wa Kiafrika. Baiskeli zikaja kuwa pikipiki, na biashara ikasambaa Afrika Mashariki nzima. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2010 zilitambua rasmi pikipiki na bajaji kama vyombo vya kubeba abiria kwa leseni. Tangu hapo kijana wa kijiweni amepewa hata cheo cha utani: afisa usafirishaji.

Kwa kijana wa Uru, kazi hii imekuja wakati kihamba kimekuwa kidogo. Shamba ambalo babu alilima peke yake limegawanywa kwa baba na ndugu zake, kisha kwa watoto wao, na kilichobaki hakitoshi kulisha familia, sembuse kumwezesha kijana kuoa. Pikipiki haihitaji shamba. Asiye na mtaji huchukua ya mkataba: anampa mwenye chombo hesabu ya kila siku au kila wiki, na muda waliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa yake. Asiye na mkataba huwa deiwaka, anaendesha chombo cha mwenzake kwa siku.

Hayo yote hayaonekani kwenye picha. Kinachoonekana ni miwani na jaketi.

Madereva saba wa Nairobi

Mpiga picha Jan Hoek wa Uholanzi aliona jambo jijini Nairobi. Miongoni mwa maelfu ya bodaboda, wapo madereva waliopamba pikipiki zao kupita kiasi, kwa manyoya ya bandia, vyuma vya urembo, rangi kali, maandishi na sanamu. Nia haikuwa urembo mtupu. Pikipiki inayovutia macho hupata abiria zaidi.

Hoek akashirikiana na mbunifu wa mavazi Bobbin Case, mwenye asili ya Uganda na Kenya. Wakawachagua madereva saba, kisha wakashona mavazi yanayoendana na kila pikipiki, ili dereva na chombo chake waonekane kama mhusika mmoja katika filamu. Mfululizo huo wa picha unaitwa Boda Boda Madness na ulianza kuonekana katikati ya muongo uliopita. Kwa maelezo ya wasanii wenyewe, madereva walibaki na mavazi yao, na kipato chao kikaongezeka kwa sababu yake.

Mtu anaweza kuuliza kama hizo ni picha za maisha halisi au maigizo. Jibu ni kwamba zina vyote viwili. Pikipiki ni za kweli, madereva ni wa kweli, barabara ni ya kweli. Mavazi yalishonwa kwa ajili ya picha. Lakini hata kijana wa kijiweni anayejipiga picha Uru anafanya hivyohivyo. Anachagua saa ya kupiga, anaifuta pikipiki vumbi, anamwazima mwenzake miwani, anasogea pembeni ili jalala lisionekane. Kila picha ya ufahari ina fundi wake wa mavazi, hata kama fundi huyo ni rafiki aliyeshika simu.

Somo la kwanza kwa mzazi liko hapa. Madoido ya pikipiki si utoto wala uhuni moja kwa moja. Stika za Simba na Yanga, bendera, taa za rangi na maneno ya imani kwenye kizuia matope ni tangazo la biashara, na pia ni jina la mtu. Kijana ambaye nyumbani anaitwa "huyu aliyefeli" kijiweni ana jina jipya ambalo wateja wanalijua na kulipigia simu. Mzazi anayeanza mazungumzo kwa kudharau madoido anadharau jina hilo, na mazungumzo yanafungwa hapohapo.

Somo la pili ni la tahadhari. Katika picha ya namna hii pikipiki imesimama. Ni chombo kisicho na mwendo, kisicho na abiria, kisicho na kona wala lori linalokuja. Ufahari wote umepigwa picha kwenye sekunde ambayo hakuna hatari. Mtoto wa darasa la sita anayeitazama anajifunza mavazi, hajifunzi breki.

Aliyeketi nao miaka minne

Mmarekani Danny Lyon alichukua njia nyingine. Kati ya mwaka 1963 na 1967 alipiga picha za waendesha pikipiki wa Marekani, hasa wa klabu ya Outlaws ya Chicago. Hakusimama kando ya barabara na kamera. Alinunua pikipiki, akajiunga na klabu, akasafiri nao, akarekodi mazungumzo yao na ya wake zao. Mwaka 1968 alichapisha kitabu, The Bikeriders, ambacho miaka mingi baadaye kilizaa filamu yenye jina hilohilo.

Picha moja inayojulikana sana katika kazi hiyo inaonyesha kijana akivuka daraja la Mto Ohio, mjini Louisville, mwaka 1966. Anaonekana kwa nyuma, kichwa amekigeuza kutazama pembeni, na nywele zinapeperushwa na upepo. Watu wengi huitazama wakaona uhuru. Ni picha nzuri, na kijana yeyote angependa kuwa yule mtu.

Mtu wa afya akiitazama anaona vitu viwili zaidi: kichwa hakina kofia ngumu, na macho hayapo barabarani. Uhuru na hatari vimekaa katika kitendo kimoja, na hivyo ndivyo ilivyo pia kwenye mteremko wa Uru. Kijana hatafuti kifo. Anatafuta ile hisia ya upepo, ya kutosimamiwa na mtu, ya kuwa mkubwa. Mzazi asiyeitambua hisia hiyo atabaki kusema "utakufa" kila siku, na neno likisemwa kila siku huzoeleka.

Lyon alifanya jambo jingine ambalo picha za mtandaoni hazifanyi. Ndani ya kitabu hichohicho cha ufahari aliweka picha za mazishi ya mwendesha pikipiki mmoja mjini Detroit. Hakuzitenga ziwe kitabu kingine. Aliyeishi na watu miaka minne hawezi kusimulia safari akaacha msiba, kwa kuwa aliviona vyote.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya mpiga picha aliyekaa na watu na mpita njia. Na mzazi naye anaweza kujiuliza yeye ni yupi kati ya hao wawili. Je, amewahi kukaa kijiweni kwa mwanawe hata nusu saa, akawajua wenzake kwa majina, akajua nani ana mkataba na nani ni deiwaka? Au anamfahamu mwanawe wa pikipiki kwa kusikia tu?

Hata baba alipiga picha na redio

Kabla ya kumshangaa kijana, baadhi ya wazazi wangefungua albamu za zamani. Wengi wamo humo, wamesimama studio wakiwa na suruali pana, redio ya kuazima mkononi na pazia lililochorwa maua nyuma yao.

Huko Bamako, Mali, Malick Sidibé alijaza studio yake vijana wa namna hiyo katika miaka ya 1960 na 1970. Walikuja na miwani, magita, na wengine waliingiza pikipiki zao ndani ya studio ili wapigwe nazo. Mali ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960, na vijana walitaka kuonekana kama watu wa wakati mpya. Mwaka 2007 Sidibé akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Picha ambazo huenda wazazi wa Bamako waliziona ni mchezo wa watoto zimekuwa kumbukumbu ya taifa.

Si wavulana pekee. Hassan Hajjaj, msanii wa Morocco anayeishi kati ya London na Marrakech, ana mfululizo uitwao Kesh Angels unaoonyesha wanawake wa Marrakech wakiwa juu ya pikipiki, wamevaa majoho yenye rangi kali na shela, na fremu za picha zimezungushiwa makopo ya bidhaa za dukani. Katika mji huo mwanamke kupanda pikipiki kwenda kazini au sokoni ni jambo la kila siku. Kinachogeni kwa mtazamaji wa mbali ni cha kawaida kwa mwenyeji. Mzazi wa Moshi mwenye binti naye ajue kwamba hata kama binti haendeshi, karibu kila siku ni abiria.

Kovu lisilopigwa picha

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Katika kila vifo vitano vya barabarani, kimoja hivi ni cha mtu aliyekuwa kwenye pikipiki au chombo cha magurudumu matatu.

KCMC, ambayo watu wa Uru huipita wakishuka mjini, kwa miaka kadhaa imekuwa na watafiti wanaofuatilia wagonjwa wenye majeraha ya ubongo. Picha inayojitokeza humo haijabadilika: wengi ni vijana wa kiume, na chanzo kinachoongoza ni ajali za barabarani.

Ila takwimu za vifo nazo ni picha iliyokatwa pembeni. Wengi hawafi. Wanarudi nyumbani na mguu uliofungwa vyuma, au na ubongo ulioumia. Kijana aliyekuwa mcheshi anakuwa mwepesi wa hasira, anasahau, hawezi kukaa na kelele, hapati usingizi. Majirani husema amerogwa au ameanza bangi. Mara nyingi ni jeraha la ubongo, na familia haikuambiwa kwamba tabia inaweza kubadilika baada ya kichwa kugongwa. Anayemhudumia ni mama, dada au mke, ambaye anaacha genge lake la ndizi ili amgeuze mgonjwa kitandani. Wakati huo hesabu ya mkataba inaendelea kudaiwa.

Hakuna anayepiga picha ya miezi hiyo. Ndiyo maana haimo kwenye hesabu ya kijana anapoamua kuchukua pikipiki.

Kuna kovu dogo zaidi ambalo mzazi anaweza kulitafuta leo jioni. Litazame ndama ya mguu wa kulia wa mtoto anayepanda bodaboda kwenda shule. Alama ya mviringo hapo mara nyingi ni ya bomba la moshi. Ikitokea ameungua, mwagia maji safi ya bomba yasiyo ya barafu kwa muda wa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa kisafi na mpeleke kituo cha afya kama malengelenge ni makubwa. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta. Na mfundishe kushukia upande wa kushoto, usio na bomba.

Kofia ngumu ikiwa sehemu ya pambo

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Si hirizi, lakini kwa kifaa kimoja kinachonunuliwa dukani hiyo ni kinga kubwa.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza hata kwa mtoto. Gamba la nje linatawanya nguvu ya pigo, na povu gumu la ndani linabonyea polepole ili ubongo usigote ghafla kwenye fuvu. Povu likishabonyea halirudi. Kofia iliyopata ajali mara moja imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje inang'aa. Na isiyofungwa mkanda kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Mbona basi kwenye picha nyingi za ufahari haipo? Sababu ni kwamba inaficha uso, na picha imepigwa ili uso uonekane. Hapo ndipo kampuni ya SafeBoda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2014, ilipoona mbali. Iliwapa madereva wake kofia na vizibao vya rangi ya machungwa, na ikabeba kofia ya pili kwa ajili ya abiria. Kofia ikawa sare ya kujivunia na alama ya kuaminika kwa mteja. Kijana anayependa madoido asinyang'anywe madoido. Aambiwe aanze na kofia: aipake rangi, aibandike stika za timu yake, aandike jina lake, ilimradi iwe nzima na ifungwe.

Kwa abiria, malalamiko yanayosikika ni mawili: kofia inanuka, na inaharibu nywele. Yote yana dawa. Kitambaa chepesi au kofia ya kitambaa ya mtu mwenyewe ivaliwe ndani, na dereva aianike kofia juani na kufuta povu kila jioni. Mzazi anayemlipia mtoto nauli ya kila siku na dereva mmoja anaweza kununua kofia ya saizi ya mtoto ikae kwa dereva huyo. Kofia ya mtu mzima ikivalishwa mtoto inacheza kichwani na haimlindi.

Na ule mtindo wa kupakiana mishikaki, watoto watatu na mabegi yao juu ya pikipiki moja, hauna picha nzuri popote. Kanuni zinaruhusu abiria mmoja. Mzazi anayewapandisha watatu ili aokoe nauli hawezi kumlaumu dereva peke yake.

Mteremko nao una siri yake. Wapo madereva wanaozima injini wakishuka ili kuokoa petroli. Injini ikizimwa, haisaidii tena kupunguza mwendo. Mzigo wote unabaki kwenye breki, nazo zikipata moto hupungua nguvu. Anayeshuka Uru na abiria abaki kwenye gia ndogo, injini ikinguruma.

Kabla hujasambaza picha

Sasa ile picha ya pili, ya mtaroni. Wanaoituma mara nyingi hujiambia kuwa wanaisaidia familia kupata habari. Lakini mama akimtambua mwanawe kwa viatu vyake kwenye kundi la WhatsApp, kabla mtu hajamjia nyumbani na kumketisha chini, picha hiyo haitamtoka kichwani maisha yake yote. Na aliyeokotwa akiwa hai ataikuta bado inazunguka atakapotoka hospitali.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mila zetu zilijua namna ya kupeleka habari ya msiba. Hutumwa mtu mzima, tena wa karibu, na hutangulia maneno ya kumwandaa mwenye msiba. Mwenye simu akifika eneo la ajali, kazi yake ya kwanza si kupiga picha. Kama lazima apige, apige namba ya pikipiki na mahali, aitume kwa polisi na viongozi wa kijiwe, basi.

Kazi ya kwanza ni hii:

Zuia magari mengine yasimgonge majeruhi. Weka matawi au mtu wa kuashiria mbali kidogo, juu na chini ya kona.

Usimnyanyue kwa mikono na miguu na kumtupa kwenye pikipiki nyingine. Shingo inaweza kuwa imeumia. Kama hakuna gari la wagonjwa, tafuta gari linaloweza kumlaza, mbebeni kwa ubao au mlango mkiwa watu kadhaa, na mmoja ashike kichwa kisicheze.

Usimvue kofia ngumu kwa nguvu kama anapumua vizuri.

Panapotoka damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa kisafi bila kuachia.

Baada ya ajali, hata kama kijana anasema yuko sawa, asiachwe alale peke yake. Wapo wanaozirai kidogo, wanazinduka, wanatembea na kuongea, kumbe damu inavuja taratibu ndani ya fuvu. Ndani ya saa chache hali inabadilika. Mkimbize hospitali mara moja ukiona kichwa kinazidi kuuma, anatapika, anachanganyikiwa au ana usingizi usio wa kawaida, ana degedege, mkono au mguu mmoja umelegea, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko nyingine, au damu ama maji yanatoka sikioni au puani. Pombe isiwe kisingizio. Kijana aliyekunywa akagonga kichwa si "amelewa tu" mpaka daktari aseme hivyo.

Mzungumze mkiitazama picha

Wazazi wengi huanza na amri: uza hiyo pikipiki. Kijana aliyebakiza miezi michache kumaliza mkataba hawezi kuitii, hata akitaka. Mlango mwepesi zaidi ni picha yake mwenyewe. Mwombe akuonyeshe anayoipenda kuliko zote, na umuulize kwa nia ya kujua.

Muulize ilipigwa wapi na nani. Muulize kila stika ina maana gani, na wateja humuita kwa jina lipi. Akishazungumza, muulize kofia yake iko wapi kwenye picha hiyo, breki ilibadilishwa lini, ana leseni au bado, na hesabu ya bosi anaimalizaje siku ya mvua. Swali hili la mwisho ndilo huleta ukweli. Kijana anayedaiwa hukimbia ili apate kichwa kimoja zaidi, na huendesha usiku akiwa na usingizi. Wakati mwingine msaada wa mzazi unaookoa maisha si wosia wala maombi peke yake. Ni kwenda naye kwa mwenye pikipiki kuomba hesabu ipunguzwe katika miezi ya masika.

Kwa walio na watoto wadogo, zungumzeni nao pia kuhusu picha wanazoziona. Waulizeni ni nini hakionekani. Mtoto akizoea kuuliza hivyo, atauliza vilevile mbele ya matangazo ya pombe, ya kamari na ya mengine mengi yatakayomjia kwenye simu.

Desemba iko njiani, na kama kawaida Wachagga watapanda mlimani kutoka kila kona ya nchi. Barabara za Uru zitajaa magari ya wageni wasiozijua kona, mbege itakuwepo, na bodaboda watafanya kazi mchana na usiku, kwa kuwa ndio msimu wao wa mavuno. Kabla ya hapo kuna jaribio la dakika moja ambalo kila nyumba yenye pikipiki inaweza kulifanya. Mvalishe kijana kofia yake, funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, haitamsaidia. Tafuteni nyingine.